Sauti Yangu Kwenye Chupa Nyekundu

Nyumba ya Maalim,
Nyuma ya Shule ya Msingi.
Jumamosi, baada ya sala ya alasiri.

Mpendwa mwanangu Kasuku,

Nakusalimu kwa amani ya Mwenyezi Mungu. Rehema Zake ziwe juu yako, juu ya mkeo, na juu ya kizingiti cha nyumba mnayoishi huko mbali. Natumaini kifua kilichokuwa kikikusumbua wakati wa baridi kimetulia. Na mkwe wangu je, mgongo wake haujamrudia? Mwambie kwamba jina lake halijatoka katika dua zangu hata siku moja, na kwamba shuka alilotuletea bado tunalitandika wanapokuja wageni tu.

Sisi hapa hatujambo, kwa kadiri watu wa umri wetu wanavyoweza kusema hawajambo. Goti langu la kulia limekuwa na madai mengi, lakini bado linakubali kusujudu, nami silidai zaidi ya hapo. Mke wangu, mkaza mjomba wako aliyekulea tangu dada yangu, mama yako, alipotangulia mbele ya haki, ni mzima. Macho yanampunguka, ulimi haujapunguka. Anakuuliza kama bado unakula ukiwa umesimama.

Umezoea barua zangu zianze kwa salamu na ziishie kwa dua, na katikati ziwe na habari za nani kaoa na nani kajifungua. Hii nayo ina salamu na ina dua. Katikati yake ni pazito. Nakuomba usome ukiwa umekaa, tena peke yako, kisha ndipo umpe mkeo.

Nianze pale ulipotuacha. Ulipokuja likizo iliyopita ulikaa nyuma ya darasa langu la alasiri, juu ya mkeka uleule uliokuwa ukisinzia juu yake ukiwa mdogo. Utaratibu wangu unaujua, kwa maana ulikulea. Mtungi wa maji uko mlangoni. Mtoto anaingia kutoka juani na kikombe chake, nami namtekea kwa mkono wangu na kumwambia maneno yaleyale niliyokuwa nikikuambia wewe: "Kunywa, mwanangu, umshukuru Mola wako. Mwili wako ni amana, na kinywaji hiki kitautunza." Ndipo anaketi, ananywa taratibu, na somo linaanza.

Siku ile ulitoa simu yako ukaniomba ruhusa ya kunirekodi. "Mjomba," ukasema, "nataka sauti yako niende nayo. Huko niliko, nyumba inanyamaza mpaka masikio yanawasha." Mimi nikacheka, nikakuruhusu. Nilipomaliza ukaniomba niseme tena, polepole zaidi, kwa sababu bawaba ya mlango ilikuwa imelia katikati ya maneno. Nikasema tena, na bawaba ikalia tena, ukasema basi, yatosha. Jioni ile nilimwambia mkaza mjomba wako kwamba kijana wetu, pamoja na masomo yake yote na kazi yake ya matangazo, hajasahau alikotoka. Alifurahi akakupikia mara mbili.

Sasa nije kwa binti yako. Unakumbuka tulimwita Chiriku kwa sababu alikuwa haufungi mdomo, na wewe ulikuwa Kasuku kwa sababu ulikuwa ukiiga sauti ya kila mtu, hata yangu ya kuadhini, mpaka jirani mmoja akafuturu kabla ya wakati. Tulisema nyumba hii ni kiota. Mlipokwenda huko mkatuachia Chiriku mpaka mambo yenu yatengemae, tulimpokea kama tulivyokupokea wewe.

Haukupita muda mrefu tangu urudi kazini, muuguzi anayehudumia shule aliwapima watoto wote urefu na uzito, kisha akatuita baadhi yetu. Nilikueleza kwa simu, lakini nataka uyaone kwa maandishi. Alituambia kwa upole kwamba uzito wa Chiriku umeupita urefu wake kwa kiasi kisichofaa kuachwa, na kwamba kuhema kwake akipanda ngazi ya shule si uvivu.

Mkaza mjomba wako alichukia. "Mtoto kanawiri," alimwambia muuguzi. "Ana afya, kila mtu anaiona. Au mnataka watu waseme namnyima chakula yatima wa walio hai?"

Muuguzi hakubishana naye. Alimgeuza Chiriku taratibu, akainua nywele zake, akatuonyesha shingo. Ule weusi uliokuwa nyuma ya shingo ya binti yako, mkaza mjomba wako alikuwa ameudhani ni uchafu. Kila akimwogesha alikuwa akiusugua kwa dodoki, na mtoto analia, na weusi hautoki. Alikuwa amekwisha kumgombeza kwamba hajui kuoga. Muuguzi akatueleza kwamba si uchafu hata kidogo. Kwa mtoto mwenye uzito kama ule, ngozi inapobadilika hivyo, mara nyingi mwili unasema kwamba unahangaika na sukari, na ukisikilizwa mapema madhara makubwa yanaweza kuepukwa. Tulipofika nyumbani mkaza mjomba wako alilichukua lile dodoki akalitupa jalalani, kisha akamkalisha mtoto mapajani akambusu palepale shingoni.

Tokea hapo tulibadilika sote, kwa maana muuguzi alituonya kwamba mtoto asitengwe na sahani yake kama mwenye kosa. Chakula kikawa kimoja kwa wote, mboga zikaongezeka na mafuta yakapungua, na tunda likaliwa lenyewe badala ya kukamuliwa. Maji yakawa ndiyo kinywaji cha nyumba. Alfajiri nilikuwa nikitembea naye hadi shuleni kwa njia ndefu, na goti langu likalalamika mpaka likachoka kulalamika. Shuleni nako muuguzi aliwafundisha watoto kugeuza chupa na pakiti na kusoma nyuma. Aliwaambia kwamba mbele ndipo mwenye kuuza anapojisifu, na nyuma ndipo anapolazimika kusema kilichomo, akianza na kilicho kingi akimalizia na kilicho kidogo. Chiriku akawa hapitwi na pakiti. Hata dawa yangu ya meno aliisoma, akaniuliza kwa nini nayapaka meno jina refu namna ile.

Na mwili wake ukaitikia, mwanangu. Alianza kuruka kamba na wenzake bila kukaa pembeni. Muuguzi alimpima akatabasamu. Mimi nilikupigia simu nikakueleza yote, shingo, dodoki, kamba, na wewe ulilia nikakusikia. Ulisema, "Mjomba, sijui nitakulipa nini." Nilikwambia hakuna malipo kati ya mtu na damu yake. Kilio chako kile ndicho kinachonifanya nishindwe kuelewa yaliyofuata.

Baada ya hapo darasa langu lilibadilika. Watoto walianza kuingia wakiwa na ndimi nyekundu. Wakifika mtungini wanatabasamu kwa heshima kubwa wanasema, "Nimeshakunywa, Maalim," na wanapita. Nilidhani ni mchezo wa msimu. Mama mmoja, mke wa fundi cherehani, alinisimamisha njiani akanishukuru kwamba sasa mwanawe hamsumbui tena kuhusu kinywaji, anakubali bila kulia. Nikaitikia shukrani nisiyoijua, kama mzee anavyofanya akidhani masikio yake ndiyo yenye kosa.

Kisha nikaenda kunyoa. Kinyozi alikuwa amenifunga kitambaa shingoni na wembe uko sikioni mwangu, redio inaimba. Wimbo ukakoma. Nikasikia mtu anasema, "Kunywa, mwanangu, umshukuru Mola wako. Mwili wako ni amana, na kinywaji hiki kitautunza." Nyuma ya maneno nikasikia bawaba ya mlango wangu ikilia. Kisha muziki wa watoto, na jina la kinywaji.

Kinyozi alikuwa akicheka. "Maalim, wewe umekuwa nyota ukatuficha? Miezi kadhaa tunakusikia hapa. Huyu bwana," akamwonyesha mteja aliyekuwa akisubiri, "anasema ukimnyoa mtu maarufu bei inapanda."

"Si bei tu," yule mteja akasema, "na nywele zenyewe anaziuza."

Wakacheka, nami nikawaacha wacheke, kwa sababu hawakuwa na kosa. Nilimwomba kinyozi amalize upesi. Upande mmoja wa kichwa changu ulibaki umenyolewa vibaya, na sikurudi kutengenezwa.

Pale kwenye duka linalotazamana na lango la shule nilimwomba mwenye duka anionyeshe. Alinipa chupa nyekundu yenye picha ya matunda yanayochuruzika. "Hii ndiyo yako, Maalim," akasema. "Watoto hawaiti jina lake. Wanasema, nipe ile ya Maalim." Wanasema hivyo, Kasuku. Mimi niliyewafundisha herufi ya kwanza, ndivyo wanavyoniita dukani.

Siku ileile muuguzi aliniita. Uzito wa Chiriku ulikuwa umerudi, na zaidi ya ulipoanzia, na weusi wa shingo umekoza. Aliniuliza kwa adabu kama kuna mabadiliko nyumbani. Nilimwapia mbele ya mtoto kwamba katika nyumba yangu hakijaingia kinywaji cha sukari, kwamba nasimama dhamana. Chiriku akaanza kulia. Akafungua mkoba wake wa shule akatoa ile chupa nyekundu, tupu, akaniwekea mezani.

Muuguzi alimwuliza Chiriku, "Mama, nyuma imeandikwa nini? Si tulijifunza?"

Hakuitazama hata. Aliisoma kwa moyo kama anavyosoma sura fupi. Maji, kisha sukari, kisha rangi na vya kuhifadhia, na matunda mwishoni kabisa, baada ya rangi.

"Sasa kama unajua," nikamwambia, "kwa nini umekunywa?"

"Kwa sababu umesema wewe, Babu. Chupa imesema hivi, na wewe umesema vile. Nikaona wewe ndiye unayejua zaidi."

Mwanangu, nimesimama mbele ya watu miaka mingi. Nimeulizwa maswali na wanazuoni walionizidi, na sikuwahi kukosa pa kuweka macho yangu kama siku ile. Mtoto alisoma, akaelewa, na elimu ilikuwa imemtosha. Kilichomshinda ni kwamba alinipenda na kuniamini kuliko alivyoamini macho yake.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ulimpigia simu, ukamwambia asikilize redio kwa jirani, atamsikia babu yake, na ukamwomba aifanye siri ili mimi nishtukizwe kwa furaha. Ulimwambia sauti ya Babu sasa itafika kila mji. Alikuwa akingoja kwa hamu siku nitakayoisikia. Aliponiona nimekunja uso, alidhani yeye ndiye aliyeiharibu zawadi yako.

Nilikupigia simu jioni ile. Ulinijibu kwa upole, nakiri. Ulisema ni kazi tu, kwamba wakubwa wako walipenda sauti yenye utulivu na wewe ukakumbuka unayo moja. Ulisema hukufikiri kinywaji kile kingefika huku. Kisha ukasema, "Lakini Mjomba, hatukubadilisha hata neno lako moja."

Jibu sikulipata palepale, ndiyo maana nilikata simu bila dua, jambo ambalo sijawahi kukufanyia. Nimelipata sasa. Ni kweli, neno hukulibadilisha. Ulibadilisha kilichokuwa mkononi mwangu. Mimi nilikuwa nimeshika maji.

Na lile la kwamba hukufikiri kingefika huku ndilo linalonikera zaidi. Kama kingeishia kwa watoto wa watu wengine, wasio na jina kwako, ungelala vizuri? Je, hao hawana shingo, na hawana bibi wa kuwasugua kwa dodoki asiyejua anasugua nini? Ulikuwa umekwisha kuyasikia yote kutoka kinywani mwangu ulipoiachia sauti yangu ikatoke. Adui angeiba sauti yangu ningemshitaki na kumsahau. Wewe nilikupa kwa hiari, kwa sababu ulisema nyumba yako iko kimya.

Nililisimamia jambo hili mbele ya darasa. Niliwaambia watoto kwamba sauti wanayoisikia ni yangu lakini agizo si langu, kwamba nilisema juu ya maji, na kwamba kinywaji kile si cha kila siku na si cha kuutunza mwili. Kisha binti wa fundi cherehani akanyoosha mkono, akauliza kwa heshima zote, "Maalim, sasa sisi tutajuaje ni lini ni sauti tu, na ni lini ni wewe?"

Nilimwambia swali lake ni zuri.

Muuguzi ameanza upya na Chiriku, na anasema bado tuna nafasi nzuri. Tunatembea tena alfajiri. Lakini majuzi mkaza mjomba wako alimkuta bafuni akijisugua shingo mwenyewe kwa kitambaa, kwa nguvu, mpaka ngozi imekuwa nyekundu. Alipomwuliza, alisema anataka iwe safi Baba atakapokuja, asimkasirikie. Tulikaa naye sakafuni palepale, nguo zetu zikalowa. Tulimwambia hana uchafu na hana kosa. Jina la mwenye kosa hatukulitaja. Sijamwambia binti yako kwamba baba yake alijua. Bado ameiweka ile chupa tupu karibu na mto wake, kwa sababu anaona imetoka kwako, na mimi sikuwa na moyo wa kuiondoa.

Basi ninachokutaka ni mambo mawili, na nakutaka kama mjomba aliyekulea. La kwanza, sauti yangu itoke katika tangazo lile. Sikukupa kwa kazi hiyo, na wewe unajua mlango wa kugonga huko kwenu. La pili, uje. Usimpigie simu Chiriku. Alidanganywa kwa simu, hatatibiwa kwa simu. Uje ukae mbele yake, umwambie kwa kinywa chako kilichotokea, kisha usimame mbele ya darasa langu uwaambie na wao, kwa maana mimi nikisema peke yangu wanasikia ile sauti ya redioni.

Mtungi bado uko mlangoni. Nateka maji, nawapa, na wengi wao wamerudi kuyanywa. Lakini maneno yale siyasemi. Nikifungua kinywa nasikia muziki wa watoto ukinifuata nyuma. Jana Chiriku alisimama na kikombe chake kimejaa, hanywi, ananitazama. "Babu, yale maneno?" Nikamwambia yamesafiri, na atakayeyarudisha ni baba yake. Akaniuliza, lini. Nimelibeba swali lake mpaka kwenye karatasi hii, na sasa liko mikononi mwako.

Nisalimie mkeo, na umwombe radhi kwa niaba yangu kwa uzito wa barua hii. Msalimie na kaka yake anayekaa nanyi. Huku unasalimiwa na mkaza mjomba wako, aliyesema nisiandike kwa hasira, kisha akanishikia taa ya mezani niandike. Shangazi yako wa upande wa pili anakusalimu, na kinyozi pia, ingawa hajui anachokusalimia. Chiriku anakusalimu kuliko wote. Nimemwacha achore ua hapo pembeni, usilikunje.

Mwenyezi Mungu akufungue moyo kabla hajakufungulia riziki, akurudishe kwetu ukiwa mzima, na aniondolee mimi ninachokihisi juu yako, maana sikupenda kukihisi.

Fundi seremala alitaka kuitia mafuta bawaba ya mlango wa darasa. Nimemkataza. Ukiingia nataka nikusikie.

Ni mimi mjomba wako, niliyeumia kwa kiasi kilekile ninachokupenda,

Maalim